Upepo wa Nyuma

Mjini Portsmouth, kusini mwa Uingereza, kuna mnara mweupe wa mita 170 uliojengwa kwa umbo la tanga lililojaa upepo. Unaitwa Mnara wa Spinaka. Ulikusudiwa kuwa ukumbusho wa mwaka 2000, ukachelewa, ukafunguliwa Oktoba 2005. Watu hulipa kiingilio wapande juu waitazame bahari. Mimi mara ya kwanza niliuona kutoka baharini. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye omo ya mashua, nimelowa mpaka kiunoni, nimekumbatia mti wa alumini kwa mikono miwili, na nyuma yangu mama mmoja mwenye mvi alikuwa akinipigia kelele niuachie.

Nitarudi kwenye mti huo. Kwanza nieleze kilichonifikisha pale.

Nilikuja Southampton kusoma shahada ya uzamili ya historia. Tasnifu yangu inahusu majahazi yaliyobeba boriti za mikoko kutoka Lamu hadi Mombasa katikati ya karne ya 20. Mimi ni mtoto wa Lamu, na babu yangu alikuwa baharia wa majahazi hayo, kwa hiyo nilijiona nimeanza safari nikiwa nusu ya njia. Katika kikao chetu cha tatu msimamizi wangu aliweka kidole kwenye mstari mmoja wa sura ya kwanza, nilipoandika kwamba mabaharia "waligeuza tanga" wakaendelea na safari. Akauliza, "Waligeuzaje?"

Nikamjibu kwamba kwetu kitendo hicho kinaitwa kukisi.

"Hilo ni jina lake," akasema. "Nimeuliza walifanya nini."

Sikuwa na jibu. Neno nililijua tangu utotoni, na maana yake niliithibitisha kwenye kamusi, lakini sikuwahi kumwona mtu akikisi. Nilipozaliwa, majahazi yaliyokuwa yamebaki yalikwenda kwa injini, na matanga yalitwekwa zaidi siku za mashindano na kwa ajili ya watalii. Ndipo nikajiunga na chama cha wanafunzi chenye mashua ya matanga ya futi 34, yoti ya kutembelea, yenye umri kunishinda. Nilidhani nikijua kuendesha tanga lolote lile, nitaelewa na lile la kwetu. Kumbe msimu ule walikuwa wanafundisha spinaka.

*

Spinaka ni tanga kubwa, jepesi, la rangi kali, linalotwekwa mbele ya mlingoti chombo kinapokwenda na upepo unaotoka nyuma. Kwa mbali hufanana na puto lililofungwa chomboni. Kwa karibu ni kamba tupu.

Asubuhi ya kwanza tuliitweka tukiwa bado gatini, upepo haupo. Spinaka haina foromali. Ina pembe tatu tu. Pembe ya juu hufungwa henza, na kila pembe ya chini hufungwa kamba inayorudi mpaka nyuma kwa wenye usukani. Kamba ya upande wa joshini, unakotoka upepo, hupitishwa kwenye ncha ya mti ambao ncha yake ya pili imenaswa mlingotini. Mti huo hulisukuma tanga nje lisijifiche nyuma ya tanga kuu. Kamba ya upande wa pili haina mti. Hiyo ndiyo demani, nayo huvutwa na kulegezwa muda wote tanga likiwa juu. Mti nao una kamba zake mbili, moja ya kuuinua na moja ya kuuzuia usirushwe.

Zote hizo lazima zipite nje ya kila kitu. Mimi nilipitisha moja ndani ya waya unaozunguka sitaha, na tanga lilipopanda, kamba ikataka kuung'oa waya wote. Nahodha wetu, mama mstaafu aliyefundisha watoto wa shule miaka mingi, hakusema neno. Aliliteremsha tanga, akaniachia nitafute kosa langu mwenyewe.

Kulifungasha nako ni somo. Unafuata ukingo mmoja kwa vidole kutoka juu hadi chini, kisha mwingine, unalisindika mfukoni, pembe tatu zikibaki mdomoni mwa mfuko. Ukikosea, tanga hupanda limejisokota katikati kama kiuno cha nyigu, na hapo juu hakuna wa kulifungua. Likishapanda sawa, mwenye demani hukaa akiutazama ukingo wa joshini. Hulegeza kidogo kidogo mpaka ukingo uanze kujikunja kama ukurasa wa kitabu kilicholowa, kisha huvuta kiasi cha kuunyoosha. Halafu hulegeza tena. Nilifanya hivyo saa mbili mfululizo, na shingo iliniuma siku tatu.

*

Jioni nilikuwa nasoma historia ya tanga hilo, na nilishangazwa na jinsi ilivyo rahisi kuipata. Neno lenyewe lilichapwa kwa Kiingereza mwaka 1866, katika jarida la wenye yoti. Simulizi za asili yake hazikubaliani, lakini zote zinatajia vyombo vyake. Moja inaipa sifa yoti Niobe ya William Gordon, mwaka 1865. Nyingine inasema ni yoti Sphinx, ambayo jina lake mabaharia walilitamka kwa namna yao mpaka likazaa neno spinaka. Yote haya yalitokea Solent, mlangobahari ule ule nilikokuwa najifunza.

Yaliyofuata nayo yameandikwa. Spinaka za mwanzo zilikaa upande mmoja, mkabala na tanga kuu, na kuzihamisha ilikuwa kazi nzito. Katika miaka ya 1920 na 1930 likaja umbo la mwavuli, pande zote sawa, tanga linaloweza kubadilishiwa mti bila kuteremshwa. Mwaka 1937 yoti ya Kimarekani iitwayo Ranger, iliyotetea Kombe la Amerika, ilikuwa na spinaka ya futi za mraba 18,000. Ni karibu robo ya uwanja wa mpira, kwenye chombo kimoja. Mwaka 1938 kampuni ya DuPont ilitangaza nailoni. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, nailoni ikawa kitambaa cha miavuli ya askari wa anga, ikafumwa kwa nyuzi nene zilizopishana ili tundu dogo lisigeuke mpasuko. Vita vilipokwisha, kitambaa hicho kikapanda milingotini.

Kisha kuna tarehe 26 Septemba 1983, huko Newport, Rhode Island. Marekani ilikuwa imelishika Kombe la Amerika kwa miaka 132. Katika mbio ya saba na ya mwisho, yoti Australia II ilikuwa nyuma ya Liberty kwa sekunde 57. Ikaipita kwenye kipande cha upepo wa nyuma, vyombo vyote viwili vikiwa na spinaka, ikashinda kwa sekunde 41.

Sekunde hizo nilizipata bila jasho, kwenye vitabu vitatu tofauti. Nikajiuliza: katika Ghuba ya Ungwana, baina ya Lamu na Malindi, mabaharia wa kwetu wamekisi matanga kwa karne nyingi, na wapo waliopotelea huko. Nawajua wangapi kwa majina? Hata mmoja.

Tofauti hiyo haitokani na kwamba wao waliandika na sisi hatukuandika. Lamu imeandika tangu zamani, hati za mirathi, barua za biashara na tenzi ndefu. Spinaka ilipata karatasi kwa sababu ilizaliwa katika mashindano ya matajiri. Mashindano yanataka mshindi, mshindi anataka mashahidi, na gazeti linataka habari. Jahazi la boriti lilikuwa likienda kazini. Likifika, karani aliandika korija ngapi zimeshuka. Namna lilivyofika haikumhusu mtu.

*

Sisi wanafunzi wa historia ya pwani tuna sentensi moja tunayoipenda mno: pepo za msimu zilileta vyombo. Kaskazi ilivileta kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha. Hata mimi niliiandika. Na ni kweli. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyepewa na mtawala wa mji, na tarehe 20 Mei alikuwa karibu na Calicut. Ni siku 26. Wakati wa kurudi hakungoja msimu. Aliiacha pwani ya Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, akaiona Mogadishu tarehe 2 Januari 1499, watu wake wengi wamekufa kwa kiseyeye. Alipoifikia pwani yetu alikichoma moto chombo chake kimoja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kukiendesha.

Wazee wetu wasingefanya kosa hilo. Kalenda yao ilikuwa upepo. Lakini katika sentensi ile tunayoipenda mna upepo na mna chombo, baharia hamna. Ni kama kusema barabara ilileta magari. Upepo wa nyuma haumpeleki mtu popote asipokuwapo wa kushika demani.

Waliotuandikia kazi yenyewe wengi walikuwa wageni. Alan Villiers, Mwaustralia, alipanda bumu la Kuwait liitwalo Bayan mwaka 1938, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akashuka nalo mpaka Zanzibar na Rufiji, akatoa kitabu mwaka 1940. Mholanzi A. H. J. Prins alichapisha kitabu kizima juu ya ubaharia wa Lamu mwaka 1965. Nawashukuru wote wawili, kwani vyombo vingine viliondoka bila hata hilo. Mtepe, chombo chetu cha kushonwa kwa kamba, chenye tanga la mkeka la pembe nne, ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Uliundwa upya kwa ukubwa wake kamili ukawekwa Beit al-Ajaib, Unguja. Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka.

Kwenye vitabu hivyo nilipata mpangilio wa kukisi. Tanga la jahazi linaning'inia kwenye foromali, mti mrefu unaokaribia urefu wa chombo chenyewe. Upepo ukitakiwa upande wa pili, chombo hugeuzwa tezi ipite kwenye upepo. Demani hufunguliwa. Foromali husimamishwa wima sambamba na mlingoti, na tanga likiwa linapepea huru huzungushwa kwa mbele. Kamba zinazoushika mlingoti huhamishiwa joshini mpya, kisha demani hufungwa tena. Niliyaandika haya kwenye daftari, nikachora na mchoro. Nikajiona nimelijibu swali la msimamizi.

*

Jumamosi moja ya Oktoba tuliondoka karibu na ngome ya Hurst, magharibi mwa Solent, tukielekea Portsmouth. Upepo ulikuwa wa kusini-magharibi, nyuma yetu. Tukatweka spinaka, na bahari ikanyamaza.

Hilo ndilo linalomchanganya mgeni wa upepo wa nyuma. Ukienda bisha, unaukata upepo, unakupiga usoni, maji yanakurukia, unajua uliko. Ukienda nao, kila kitu hutulia. Tulivua makoti. Mtu akatoa mikate. Tuliipita Cowes tukicheka, na nahodha akasema sasa tukisi, twende na upande wa pili mpaka mnarani.

Kazi yangu ilikuwa ya mti. Nauchomoa mlingotini, ncha hiyo nainasa kwenye kamba ya upande mpya, naiachia kamba ya zamani kwenye ncha ya pili, na ncha hiyo naipachika mlingotini. Mti umegeuzwa, tanga halikushuka. Gatini niliifanya mara kumi.

Niliuchomoa. Nikainasa kamba mpya. Hapo mti ulikuwa umeshikwa na tanga kwa ncha zote mbili, na katikati ulishikwa na mimi. Wimbi likainua tezi, mwenye usukani akageuza kupita kiasi, tanga kuu likavuka kwa kishindo juu ya kichwa changu, na mashua ikalala ubavu. Maji yakapanda sitahani mpaka kiunoni mwangu. Kule mbele, mweupe kabisa, niliuona Mnara wa Spinaka umelala kando. Na ule upepo niliokuwa sijausikia tangu asubuhi ukanipiga usoni wote kwa pamoja.

"Achia!" nahodha alikuwa anapiga kelele. "Achia!"

Sikuuachia. Kila kilichomo mwilini mwangu kilisema kushika ndiyo usalama. Nahodha akamgeukia aliyeshika demani, naye akaiachia yote. Tanga likapiga makofi, mashua ikasimama polepole, na spinaka ikaangukia majini. Tuliivuta kama wavuvi wavutao nyavu. Iliraruka mshono mmoja. Mimi nilipata jeraha la kiwiko.

Tulipofunga gati nahodha alinichorea hesabu nyuma ya bahasha. Upepo ulikuwa wa maili 18 za baharini kwa saa. Sisi tulikwenda 7, upande ule ule. Kwa hiyo kwenye ngozi tuliusikia wa 11 tu. Tulipogeuka ukaturudia wote, na nguvu ya upepo haiongezeki kwa hesabu ya kujumlisha, huongezeka kwa mraba. Kumi na moja mara kumi na moja ni 121. Kumi na nane mara kumi na nane ni 324. Ulikuwa upepo ule ule, na uzito wake zaidi ya mara mbili na nusu.

*

Nilimpigia babu jioni ile kwa video, kiwiko kimefungwa bandeji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Mkono umefanyani?"

Nikamweleza: tanga, mti, mnara, mikate. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mlibeba nini?"

"Hatukubeba kitu, babu. Tulikuwa tunajifunza."

"Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Portsmouth. Halafu tunarudi."

Akacheka mpaka akakohoa, na shangazi akaja kuangalia kuna nini. Babu hana huzuni juu ya matanga. Aliwahi kuniambia kwamba injini ilipokuja alishukuru Mungu, maana aliyekaa siku tisa akingoja upepo na maji ya kunywa yanaisha hawezi kuililia foromali. Lakini nilipomwambia sikuuachia ule mti, akaacha kucheka.

"Upepo wa tezi ni mwongo," akasema. "Hukwambia nusu."

Kisha akainua mkono wake wa kushoto mbele ya simu. Mkono huo nimeujua maisha yangu yote. Hauna kidole cha mwisho wala kile kinachokifuata. Sisi wajukuu tuliambiwa waliliwa na papa, na kila mmoja wetu aliwahi kubisha, akaamini, kisha akaacha kuuliza. Mimi nimesoma miaka mitano namna ya kuuliza maswali ya kihistoria, na sikuwahi kuuliza lile.

Alikuwa na miaka 19. Jahazi lilikuwa limesheheni boriti, kaskazi nyuma yao tangu alfajiri, wametulia, mmoja anapika wali. Karibu na Ras Ngomeni nahodha akataka kukisi. Babu alikuwa kwenye demani. Upepo aliuona mdogo, akaizungusha kamba mkononi ili isimponyoke. Chombo kilipogeuka, upepo ukaja wote.

Nilimwomba anionyeshe kukisi. Akaweka kalamu wima kuwa mlingoti, mswaki ukawa foromali, leso ikawa tanga. Mpangilio ulikuwa ule ule wa daftarini mwangu. Lakini yeye hakusema foromali husimamishwa, demani hufunguliwa. Alisema nani. Huyu yuko hapa, mguu wake uko hapa, anamtazama yule, wala haitazami kamba. Huyu haruhusiwi kuvuta mpaka yule aseme. Mzee kuliko wote hukaa kwenye demani, maana kijana hushika, na mzee amekwisha kujua kuachia. Siku ile mzee wao alikuwa na homa. Ndiyo maana alikuwa yeye.

Hilo halimo kitabuni mwa Villiers wala mwa Prins, wala lisingeweza kumfikia karani wa korija.

Sura yangu ya kwanza sasa ina kurasa nne badala ya mstari mmoja, na msimamizi amezipitisha. Nilimuuliza babu kama naweza kuandika jina lake. Akasema sharti niwaandike wote waliokuwa chomboni siku ile, hata mpishi, la sivyo nisimwandike yeye. Wakawa tisa. Alinitajia mmoja mmoja kwa jina la baba na mtaa, nami nikawaandika. Wa saba alimkumbuka sura, sauti, hata namna alivyokunja kikoi. Jina la baba yake halikumjia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema nikate simu, nisimalizie data yangu bure.

Kesho yake simu iliniamsha saa kumi na moja alfajiri, nje giza na mvua. Hakungoja salamu. Alitaja jina, akalirudia polepole ili niliandike, akauliza kama nimelipata. Nikasema nimelipata. Akakata.